UZI: Watoto waliogundua kuwa ni Wasami huku nyumba zao zinachomwa moto, Finnmark 1944

KumbukumbuHai:

Wakuu habari za muda huu. Naleta uzi mrefu, mwenye haraka aweke alama arudi baadae.

Vita ya Pili ya Dunia wengi tunaijua kwa Stalingrad, Normandy na Hiroshima, basi. Mimi leo nawapeleka juu kabisa ya ramani ya Ulaya, mkoa unaitwa Finnmark, kaskazini ya Norwei. Kule vita ilifanya kitu ambacho hakuna jenerali aliyekipanga, iliwaonyesha watoto wao ni kina nani. Watoto waliolelewa wakijua wao ni Wanorwei kama Wanorwei wengine wote, alafu ndani ya wiki chache za baridi wakaja kujua kwamba bibi, babu, na mara nyingi baba na mama pia ni Wasami, yaani wenyeji wa asili wa ile ardhi, na siri yenyewe ilikuwa imekaa humohumo ndani ya nyumba miaka yote.

Kwanza tuelewane Wasami ni kina nani. Ni watu wa asili wa kaskazini ya Norwei, Uswidi, Ufini na rasi ya Kola kule Urusi. Ukiwagugo utaletewa picha za wafugaji na makundi ya kulungu wa kwenye theluji, nguo za bluu na nyekundu, mahema. Hao wapo kweli, ila upande wa Norwei Wasami wengi tangu zamani walikuwa watu wa pwani. Wavuvi. Mtu ana mashua yake, ng'ombe wawili watatu, kondoo, na kipande cha ardhi cha kukata majani ya mifugo, anaishi kwenye fiordi (zile ghuba nyembamba zinazoingia ndani katikati ya milima) jirani yake mmoja Mnorwei, mwingine Mkven, hawa ni watu ambao asili yao ni upande wa Ufini. Sasa Msami wa pwani ukimvua vazi lake na ukamnyamazisha lugha yake, kwa macho tu humtofautishi na jirani. Shikeni hapo, maana ndipo siri ilipowezekana.

Na serikali ndiyo ilitaka iwe hivyo. Mwaka 1851 bunge la Norwei lilianzisha mfuko maalum wa kugharamia kuwafundisha Wasami na Wakven Kinorwei. Mwaka 1898 ikatoka amri kwa walimu kwamba Kisami kibanwe darasani, kitumike pale tu ambapo mtoto haelewi kabisa. 1902 ikaja sheria ya kuuza ardhi ya serikali Finnmark, na kanuni zake zikasema anayeuziwa awe anaongea, anasoma na kuandika Kinorwei na anakitumia kila siku. Kuanzia 1905 zikajengwa shule za bweni za serikali, mtoto mdogo anatolewa kwao anaenda kulala kwenye jengo ambalo hakuna mtu mzima anayemuitikia kwa lugha ya mama yake.

Kwaiyo wewe ni mzazi, mwaka 1930, umepitia hiyo shule, umechekwa, umeadhibiwa, na unajua kipande cha ardhi kinataka Kinorwei. Mtoto wako anazaliwa. Utamuimbia kwa lugha gani?

Nakuja na sehemu ya pili, naandika.

fundi_redio:

Mkuu hapa nimekaa. Ila swali, majina je? Mtoto akikua si anaona jina la ukoo limekaa tofauti na ya wenzake? Mimi naona ni ngumu kumficha mtu kabila lake mpaka anafika miaka 14.

KumbukumbuHai:

fundi_redio swali zuri mkuu. Jina halikusaidia sana. Wachungaji wa Kilutheri walikuwa wanabatiza na kuandika majina kwa umbo la Kinorwei tangu zamani, kwaiyo kwenye kitabu cha kanisa Msami ni Per, Ole, Berit, kama jirani tu. Nyumbani anaitwa kivingine lakini hilo halimo kwenye karatasi. Alafu 1923 ikaja sheria ya kutaka kila mtu awe na jina moja la ukoo la kudumu, na watu wengi wakachukua la shamba au la mahali, na ardhi nayo ilitakiwa ipewe jina la Kinorwei. Mpaka hapo jina limeshaoshwa.

Na kuna kitu kingine watu wa kule wanakikumbuka sana, wazazi hawakuacha kuongea Kisami, waliacha kukiongea na watoto. Wao kwa wao wakiwa na jambo la wakubwa wanahamia Kisami. Mtoto anakua anaisikia ile lugha kupitia mlangoni, anaijua sauti yake, anajua ikianza kuongelewa ina maana yeye atoke nje. Ukiuliza unaambiwa ni maongezi ya wazee. Wengine waliisikia kwenye mikutano ya dini, maana uamsho wa mchungaji wa Kilutheri aitwaye Læstadius ulishika sana kule na mahubiri yalikuwa yanatafsiriwa kwa Kisami na lugha ya Wakven, kwaiyo mtoto anaona ni lugha ya sala tu, haimhusu.

Mtoto kujua kwamba kuna kitu na mtoto kujua kwamba ni YEYE ni mambo mawili mkuu. Hilo la pili ndilo vita ilileta.

Sehemu ya pili.

Ujerumani iliivamia Norwei tarehe 9 Aprili 1940. Juni 1941 wakatumia Finnmark kama mlango wa kwenda kuishambulia Murmansk, bandari ya Wasovieti, mji wa Kirkenes ukajaa wanajeshi na ukapigwa mabomu na Wasovieti vibaya sana. Maisha yakaenda hivyo miaka mitatu. Oktoba 1944 Jeshi Jekundu likawasukuma Wajerumani, Kirkenes ikakombolewa tarehe 25 Oktoba. Siku tatu baadae, tarehe 28, ikatoka amri ya Hitler iliyopitia kwa jenerali wake Jodl: watu wote wa Finnmark na Troms ya kaskazini wahamishwe kwa nguvu, na kila kitu kichomwe ili Wasovieti wakija wasikute hata pa kujikinga na upepo.

Na walichoma kweli. Nyumba za kuishi kama 11,000. Mazizi, shule zaidi ya 100, makanisa 27, hospitali, gati, mashua, nguzo za simu. Mji wa Honningsvåg ulibaki na kanisa tu limesimama. Karasjok, ambayo ni kijiji kikubwa cha Wasami bara, kilichosalia ni kanisa la mbao la 1807. Watu kama 50,000 walipakiwa kwenye meli na malori kwenda kusini, na wengine kama 25,000 hawakwenda, wengi wao walikimbilia milimani, mapangoni, kwenye mahandaki. Pale Bjørnevatn karibu na Kirkenes maelfu walijificha ndani ya handaki la mgodi wa chuma na humo humo watoto wakazaliwa.

Huo ndio muktadha. Sasa tuingie ndani ya nyumba moja.

Naomba mnielewe, huyu binti ninayemwelezea simpi jina kwa sababu sio mtu mmoja, nimemuunganisha kutokana na kumbukumbu za aina moja zinazojirudia kwa watu wa ule mwambao, kila mtu ana kipande chake. Ana miaka 14. Anaishi fiordi moja ya magharibi ya Finnmark. Shuleni anafanya vizuri, Kinorwei chake safi, na ameshawahi kumcheka mtoto wa Kisami kutoka bara kwa sababu ya viatu vyake vya ngozi vyenye ncha iliyopinda juu. Kumbuka hivyo viatu.

Novemba mwanzoni askari wanafika wanasema mna masaa machache. Baba anasema hatuendi. Usiku familia inaanza kuzika vitu, cherehani imefungwa kwenye turubai inaingia ardhini, vyombo vya udongo, sufuria (hii ya kuzika cherehani iko kwenye kumbukumbu nyingi sana za Finnmark, ukiwaza cherehani ilikuwa ni thamani gani kwa familia ya mvuvi unaelewa). Ng'ombe anachinjwa kwa sababu hawezi kupanda mlima na hawawezi kumuachia askari. Alafu mama anapanda darini anashuka na sanduku ambalo binti hajawahi kuliona limefunguliwa.

Ndani kuna viatu. Vile vile. Jozi kwa jozi, vya baba, vya mama, vya bibi, na jozi ndogo. Na kuna miduara ya majani makavu, majani marefu membamba yanayoota sehemu zenye maji, yanakatwa kiangazi, yanapondwa mpaka yanalainika, yanakaushwa, yanafungwa kama pete kubwa. Mama anamkalisha chini, anafungua ule mduara, anayachambua majani kwa vidole, anayazungusha kwenye mguu mtupu wa mtoto bila soksi, kisigino, unyayo, vidole, anausukuma mguu ndani ya kiatu na kukaza kamba kuzunguka kifundo. Anafanya haraka bila kuangalia. Mkono wa mtu aliyefanya hivyo maelfu ya mara.

Binti haulizi kitu. Ila anatazama ile mikono na anajua mama yake hakujifunza hiyo kazi leo.

Huko juu mlimani ndiyo basi tena. Baba ambaye binti anamjua kama mvuvi tu anakata miti ile yenye gome jeupe, anachagua iliyopinda, anaisimamisha kuwa mbavu, anaifunika kwa magome, juu yake anapanga mabonge ya ardhi yenye mizizi ya nyasi kama matofali, tundu la moshi linaachwa juu katikati, chini wanatandika matawi. Siku chache wana kibanda cha duara ambacho ukiwa mbali ni kilima tu cha theluji, huwezi kukiona, na ndani moto ukiwaka mnavua makoti. Hii ndiyo nyumba ya Kisami ya tangu enzi. Na bibi, ambaye chini kule fiordini alikuwa mtu wa kukaa kwenye kona na kuongea Kinorwei kibovu mpaka wajukuu wanamuonea aibu, huku juu ndiye anayeamua: mlango uelekee wapi, nani alale wapi, nyama ikaushwe vipi, moto usitoe moshi saa ngapi. Anaongea Kisami. Kwa sauti. Na baba na mama wanamjibu kwa Kisami mbele ya watoto, kwa mara ya kwanza, kwa sababu kwenye kibanda cha duara chenye moto katikati hakuna mlango wa kumtoa mtoto nje.

Kwangu mimi hapo ndipo penyewe wakuu. Hakuna aliyemkalisha akamwambia wewe ni Msami. Aliona kwamba kinachowafanya waendelee kupumua mwezi huo wote ni vile vitu ambavyo yeye alikuwa amefundishwa kuvicheka.

Mama Tatu:

Jamani hapo kwenye mama kuchambua majani nimeishiwa nguvu. Ni mama, unajua akivua soksi za mtoto na kumvalisha hivyo vitu anajua kabisa anamaliza uongo wa miaka 14 na hana la kufanya maana kuna baridi nje.

Ndugu mwandishi naomba utuambie na wale waliopanda meli, hao watoto waligundua vipi? Maana wao hawakwenda milimani.

KumbukumbuHai:

Mama Tatu shukrani dada yangu, na swali lako ndilo upande wa pili wa hii habari na ni mchungu zaidi.

Wale waliopakiwa walipita Tromsø, Harstad, Narvik, wengine mpaka Trøndelag na kusini zaidi. Meli moja ya mizigo, Carl Arp, ilibeba watu kama 1,800 kutoka Porsanger kwenda Narvik, watu wamelundikwa kwenye matumbo ya kubebea shehena, ugonjwa wa kuhara ukaingia, wapo waliofia njiani, watoto na wazee. Porsanger ni eneo la Wasami, Wakven na Wanorwei mchanganyiko, kwaiyo humo ndani walikuwa wote pamoja.

Sasa huko kusini walipokelewa vizuri na watu wengi, nisiwanyime haki yao, walipewa vyumba, nguo, chakula wakati wenyeji wenyewe wana njaa. Ila wenyeji walikuwa na picha yao kichwani kuhusu watu wa Finnmark. Kuna waliotegemea kuona watu wa mahema. Kuna walioshangaa kwamba wanaongea Kinorwei. Na watoto waliokuwa hawajawahi kuitwa Mlapp (jina la dharau la Msami) maishani wakaitwa hivyo uwanjani na watoto wenzao, na lile neno ni tusi, wakaenda kumuuliza mama jioni. Mwenzake kule mlimani alijua kupitia mikono ya mama yake, huyu amejua kupitia mdomo wa mtoto mgeni, tena kwa dharau. Na jibu alilopewa jioni mara nyingi lilikuwa "usiwasikilize", alafu mama anageuka.

Ukichukua watoto wawili waliotoka fiordi moja, mmoja akabaki milimani mmoja akaenda kusini, wakirudi 1945 wanajua siri ileile lakini wameipokea kwa namna mbili tofauti kabisa, mmoja anajua bibi yake aliwaokoa, mwenzie anajua ni kitu cha kufukia chini haraka.

mchambuzi_huru:

Uzi mzuri ila mimi nitasema ukweli wangu. Hao wazazi naona walikuwa waoga. Huwezi kumlea mtoto kwenye uongo mpaka adui aje achome nyumba ndiyo umwambie asili yake. Wengine duniani wamekufa wakitetea lugha zao. Na hapo hapo wanaacha mtoto wao anamcheka Msami mwenzie wanamtazama tu, hiyo ni dhambi.

KumbukumbuHai:

mchambuzi_huru nakuheshimu mkuu lakini hapa nakupinga, na nakupinga kwa nguvu.

Unamhukumu mtu ambaye hakuwa na silaha. Wasami walijaribu kwa njia ya wazi. Mwaka 1917 Elsa Laula Renberg na wenzake waliitisha mkutano mkubwa Trondheim, Wasami kutoka Norwei na Uswidi, ulianza tarehe 6 Februari na ndiyo maana mpaka leo hiyo ni sikukuu ya Wasami. Isak Saba alichaguliwa kuingia bungeni 1906, Msami wa kwanza, akapigania lugha na ardhi. Matokeo? Sera haikulegea, ilikazwa. Miaka ya 1920 na 1930 ndiyo miaka ambayo taasisi ya serikali ya Uswidi ya biolojia ya rangi iko Uppsala inafanya kazi, wanasayansi wanapima vichwa vya Wasami, wanawapiga picha, wanachimba makaburi yao kuchukua mafuvu. Sasa hayo anayafahamu yule mama wa fiordini? Anayafahamu, maana ni watu wake wanaopimwa.

Kwaiyo mzazi alitazama pande zote akaona kuna kitu kimoja tu anachoweza kumpa mtoto wake asiumie kama alivyoumia yeye, nacho ni Kinorwei kisicho na lafudhi. Akampa. Alijinyima kuongea na mwanae kwa lugha anayoiota usiku. Ukiita hiyo woga mimi naona hujaihesabu gharama yake, fikiria unamlaza mtoto na maneno ya mapenzi unayoyajua wewe yote yako kwenye lugha ambayo umejikataza.

Hilo la kumcheka mtoto wa bara hapo nakubaliana nawe linauma. Lakini wa kuulizwa kwanza ni yule aliyekaa ofisini akaandika kwamba ardhi anunue anayetumia Kinorwei kila siku.

Alafu kitu kingine, usiseme hawakutetea. Kule Tysfjord, kusini zaidi, Wasami walikuwa wanawavusha wakimbizi na wafungwa usiku kupita milimani mpaka Uswidi, ukikamatwa ni kifo. Walikuwa na ujasiri wa kutosha. Kilichokosekana ni nchi iliyokuwa tayari kuwatambua kwa jina lao baada ya kazi kuisha.

mchambuzi_huru:

Sawa mkuu nimekuelewa upande wa gharama. Bado naona mtoto alikuwa na haki ya kujua ila nakubali sikuwaza kuhusu ardhi. Endelea.

Bint_Kaskazi:

Naongezea kidogo mkuu kama unaruhusu. Upande wa Ufini nako ilikuwa hivyohivyo, vita ya Lapland (mkoa wa kaskazini ya Ufini) 1944 watu karibu wote wa mkoa walihamishwa kwenda Ufini ya kati na Uswidi, na Wajerumani wakachoma wakati wa kurudi nyuma. Kuna Wasami wanaitwa Waskolt, hao walikuwa Petsamo, na vita ilipoisha Petsamo ikachukuliwa na Wasovieti, kwaiyo hawakuwa na pa kurudi kabisa, baadae wakapewa makazi mapya karibu na ziwa Inari, Sevettijärvi. Hao nyumba zao zilibaki nchi nyingine.

KumbukumbuHai:

Bint_Kaskazi umefanya vizuri kuleta hilo dada, Waskolt wanasahaulika hata na wanaoandika kuhusu Wasami.

Haya, sehemu ambayo inanikera kuliko zote, baada ya vita.

Ujerumani ilisalimu amri Mei 1945. Serikali ikawaambia waliohamishwa msirudi kwanza, hakuna nyumba, hakuna gati, kuna mabomu ya ardhini. Watu hawakusikia, kiangazi hicho hicho wakaanza kurudi wenyewe, wanaishi chini ya mashua zilizopinduliwa, kwenye mabanda ya Wajerumani yaliyosalia, na kwenye vile vibanda vya udongo na nyasi. Umeona? Nyumba ya Kisami iliwahifadhi mpaka Wanorwei ambao sio Wasami.

Alafu ikaja kazi ya kujenga upya. Nchi ilijitahidi, siwezi kusema vinginevyo, benki ya nyumba ya serikali ilianzishwa 1946 na familia zilipata mikopo na ramani za nyumba zilizochorwa tayari. Nyumba moja kama nyingine, paa la pembe, madirisha mazuri, jiko, vyumba juu. Ukipita Finnmark leo bado unaziona zimepangana mwambao mzima. Ndani yake hapakuwa na nafasi ya kitu chochote cha zamani kwa sababu cha zamani kilikuwa majivu. Mavazi yameungua, masanduku yameungua, mashua za babu, vijiko vya mfupa, mabanda, vyote. Familia iliyokuwa Msami nusu kwa nusu ilianza maisha mapya kwenye nyumba ya Kinorwei, samani za Kinorwei, shule mpya ya Kinorwei. Ilikuwa rahisi sana sasa kumalizia kile kilichoanzishwa 1851.

Kwenye sensa ya 1930 kulikuwa na maeneo mengi ya pwani ambako sehemu kubwa ya watu waliandikwa Wasami. Sensa ya 1950 inakuja, maeneo mengine hayohayo yanakaribia sifuri. Watu hawakufa, hawakuhama. Walijibu tofauti mlangoni. Yule binti wetu 1950 ana miaka 20, labda ameshaolewa, karani anabisha hodi, anajua kabisa kilichokuwa kwenye lile sanduku, na anasema Kinorwei. Na watoto wake hawatajua kabisa, maana yeye hana hata lugha ya kuwaficha nayo.

Ndiyo maana nasema vita ilifichua siri alafu hiyohiyo ikaunguza ushahidi. Mtoto alipewa wiki chache tu za kuona.

fundi_redio:

Mkuu na waliotoa hiyo amri ya kuchoma waliwajibishwa?

KumbukumbuHai:

Jodl alinyongwa Oktoba 1946 baada ya kesi kubwa ya Nuremberg, na ile telegramu ya kuchoma Finnmark imetajwa kwenye hukumu yake, japo alikuwa na makosa mengine mengi. Kamanda aliyesimamia kazi yenyewe uwanjani, Lothar Rendulic, alishtakiwa kwenye kesi nyingine iliyoisha 1948, na kwa kosa la Finnmark AKAACHIWA. Majaji walisema kwa hali alivyoiona yeye wakati ule, aliamini ni lazima ya kijeshi. Alifungwa kwa makosa mengine na 1951 akatoka. Wasovieti wenyewe hawakuendelea kuwafukuza Wajerumani magharibi ya Tana, mashariki ya Finnmark, yaani walichoma mamia ya kilomita kumzuia mtu ambaye hakuja. Nikifika hapo huwa nafunga kompyuta kwanza nipumue.

Mama Tatu:

Na sasa hivi wajukuu wa huyo binti wanajua? Kuna njia ya mtu kutafuta?

KumbukumbuHai:

Wengi wanajua sasa dada, na wengi walijua kwa mshtuko wakiwa watu wazima. Mambo yalianza kubadilika 1959 sheria ya shule iliporuhusu tena Kisami. Kilichowaamsha vijana hasa ni ule mgogoro wa bwawa la umeme la mto Alta, 1979 vijana wa Kisami walipiga hema mbele ya bunge Oslo wakagoma kula. Bwawa lilijengwa, lakini baada ya hapo ikapatikana sheria ya Wasami 1987, na bunge lao likafunguliwa Karasjok 1989 na mfalme Olav. Mwanae Harald akaomba msamaha 1997. Tume ya ukweli ikatoa ripoti Juni 2023, na bunge la Norwei lenyewe likaomba radhi Novemba 2024, kwa Wasami, Wakven na Wafini wa msituni (kizazi cha Wafini waliohamia misitu ya Norwei zamani).

Kutafuta, njia ipo na ni bure. Hifadhi ya nyaraka ya taifa imeweka sensa za zamani mtandaoni, 1900, 1910, na 1920 ilifunguliwa Desemba 2020 maana kule wanafunga miaka 100. Hizo sensa zilimuuliza mtu kabila lake. Kwaiyo kijana wa Oslo anaandika jina la mama wa bibi yake, anakuta mstari mmoja, jina, mwaka wa kuzaliwa, kazi ya mume mvuvi, na pembeni alama ya kwamba ni Msami na nyumbani wanaongea Kisami. Ile ya 1930, ambayo ndiyo ya mwisho kabla ya moto, zamu yake ni 2030. Mimi naisubiri kwa hamu, kuna familia nyingi sana zitapata simu mwaka huo.

Alafu kuna daftari la wapiga kura wa bunge la Wasami. Unaingia ukiwa na miaka 18, ukijitambua mwenyewe kuwa Msami, na iwe wewe, au mzazi, au babu na bibi, au hata mzazi wa babu na bibi alikuwa anaongea Kisami nyumbani, au mzazi wako yumo kwenye daftari. Piga hesabu hapo: mjukuu wa yule binti ambaye karani alimwandika Mnorwei 1950 bado anaingia, kwa kupitia mama yake binti, yule aliyechambua majani. Mlango haujafungwa.

Ila usidhani kila mtu anaingia. Mnaweza kuwa ndugu wa tumbo moja, ushahidi uleule, dada amejiandikisha, ameanza darasa la Kisami akiwa na miaka 40, ameshona vazi na sikukuu ya Februari analivaa, na kaka yake anaishi nyumba ya pili anasema sisi ni Wanorwei na mama asingependa haya mambo. Wote wawili wanamnukuu mama yuleyule.

Mama Tatu:

Eeh. Na mama mwenyewe akiulizwa?

KumbukumbuHai:

Wachache waliobaki hai sasa wana miaka 90 na kitu. Nilichokiona kwenye simulizi zao ni kwamba ukiwauliza "wewe ni Msami?" wengi wanazunguka. Ukiwauliza mlilala wapi baridi ya 1944, na viatu mliweka nini ndani, wanakuonyesha kwa mikono mpaka mwisho, kisigino, unyayo, vidole.